Ugumu Umeanzia Kina Gani? Kuchagua Zana ya Kupasua Udongo wa Mfinyanzi Bonde la Lukuledi

Ufuta ukishakatwa, ukakauka na kupukutwa, mazungumzo ya wakulima wa huku Mtama, Nyangao na Ndanda, kusini mwa Tanzania, hugeukia matrekta: nani atashuka bondeni mwaka huu, atatoza kiasi gani kwa ekari, na plau lake lina diski ngapi. Ni maswali ya haki, kwa kuwa fedha ya ufuta haikai sana mkononi kabla ya ada za shule na madeni ya pembejeo kuigawana. Hata hivyo kuna swali moja ambalo naona linaachwa nyuma, nalo ndilo linalopaswa kutangulia: ugumu wa shamba hili, yaani tabaka la udongo lililoshindiliwa, umeanzia kina gani, na umeishia kina gani? Mkulima asiyekuwa na jibu la swali hilo atachaguliwa zana na mwenye trekta, naye mwenye trekta atachagua ile aliyonayo.

Watu wa mikoa mingine hudhani Lindi na Mtwara ni mchanga mtupu. Juu ya uwanda wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, na ni sababu mojawapo ya mikorosho kustawi kule. Ukishuka mabondeni mambo hubadilika. Kando ya Lukuledi, kando ya Ruvuma na kwenye mabonde madogo ya Nachingwea na Ruangwa tuna udongo wa mfinyanzi wa aina mbili, na aina hizo hazitendi sawa hata kidogo. Upo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa huvimba na ukikauka hupasuka nyufa ambazo kiganja kizima huingia. Huo hujifungua wenyewe kila kiangazi, na kwa maoni yangu mkulima mwenye mbuga ya namna hiyo afikirie kwanza mifereji na matuta ya kuondoa maji kabla ya kufikiria chuma cha kupasulia. Upo pia mwekundu au wa kahawia, ambao hauvimbi sana wala haupasuki sana, na ukishashindiliwa hubaki hivyo kwa miaka mingi usipoguswa. Huo ndio unaohitaji msaada wetu, na sehemu kubwa ya haya ninayoandika inauhusu huo.

Jambo jingine nalitaja kwa ufupi. Kuna mfinyanzi unaoziba kwa sababu ya chumvi ya sodiamu, na huo hautengenezwi kwa chuma peke yake. Chukua bonge dogo lililokauka, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji ya mvua na uliache bila kulitikisa. Likimeguka vipande lakini maji yakabaki maangavu, hali ni ya kawaida. Maji yakigeuka tope la maziwa kulizunguka bonge, sodiamu inashukiwa, na hapo ni vizuri sampuli ipimwe maabara kabla ya kutumia fedha. Dawa yake ni jasi, ambayo kwa bahati njema huchimbwa mkoani kwetu, wilayani Kilwa. Kuimwaga jasi kwenye mfinyanzi usio na sodiamu kwa kutumaini kwamba italainisha tabaka gumu ni kupoteza mfuko na nguvu za kuubeba.

Njia ya kupata jibu la swali la mwanzo ni shimo. Mvua zinapokatika, kati ya mwisho wa Aprili na Mei, udongo wa chini ungali na unyevu, chimba shimo la kina cha sentimita 60 katikati ya shamba, na jingine mahali ambapo mazao hudumaa. Upande mmoja usiuguse kwa jembe. Uchonge kwa panga usimame wima, kisha chukua kisu cha jikoni ukidunge kutoka juu kushuka chini, kila baada ya vidole viwili. Kwenye shamba la jirani yangu, bibi mmoja anayelima mbaazi na mahindi kwa jembe la mkono, kisu kiliingia bila shida hadi sentimita 12 hivi, kikagoma ghafla, kisha kilipovuka sentimita 20 kikaingia tena kirahisi. Pale kilipogoma udongo ulibanduka kwa vibamba vilivyolala, vyembamba, vyenye pande laini, na mizizi ya mahindi ilikuwa imetambaa juu ya vibamba hivyo pasipo mmoja kupenya. Mzizi mkuu wa mbaazi ulikuwa umeshuka wima, ukafika pale ukapinda kwenda kando, na ukanenepa kwenye kona. Bibi alinitazama akasema, "Mwanangu, kumbe mbaazi zangu zote hizi zimekalia sakafu." Shimo lile lilimpa habari zote alizohitaji: ugumu wake ulikuwa mwembamba, ulikuwa juu, na ulitokana na jembe kugota kina kile kile msimu baada ya msimu.

Ukiwa na shamba kubwa, ongeza nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha na kuchomelewa mpini wa kushikia kwa mikono miwili, uidunge sehemu nyingi wakati ardhi imelowa, na uweke alama ya kina kila inapokaza. Ikidungwa wakati wa kiangazi nondo hugoma popote, hata pasipo na tabaka gumu, kwa hiyo usiiamini mwezi wa Septemba. Mara nyingi utaona kwamba ugumu haupo shamba zima. Upo kwenye njia za matrekta, malangoni, mahali lori la ufuta lilipogeuzia na pale mifugo inapopita kwenda mtoni. Pengine nusu ya shamba haihitaji kupasuliwa kabisa, na hapo gharama imeshapungua kabla hujaongea na mtu yeyote.

Ugumu ukiwa ule wa juu, uliotokana na jembe la mkono, zana zipo na si za ghali. Kwa nusu ekari au ekari moja, mashimo ya kupandia yanatosha: urefu wa sentimita 30 hivi, upana 15, na kina 20 ili kuvuka tabaka, yachimbwe kwa jembe zito lenye ubapa mwembamba au kwa sululu pale panapogoma, na mwaka unaofuata mbegu irudi kwenye shimo lile lile pamoja na samadi. Kazi ni ngumu mwaka wa kwanza, na sitaki kuificha, ila ardhi iliyobaki katikati ya mashimo haiguswi, na hapo ndipo nguvu inapookolewa.

Penye maksai, ripa ya kukokotwa hufanya kazi hiyo hiyo kwa mstari. Inayojulikana zaidi ni ile ya Magoye, iliyoanzia Zambia, ambayo hufungwa kwenye mti wa plau la kawaida la ng'ombe baada ya kuondoa mwili wa plau, hivyo mtu mwenye plau hahitaji kununua zana nzima. Haipindui udongo; inachana mfereji wa kina cha sentimita 15 hadi 20 mahali ambapo mbegu itakaa, na katikati ya mistari ardhi hubaki na mabaki yake ya mazao. Maksai hawakuwa jadi ya kusini, kwa kuwa mbung'o na ugonjwa wanaoueneza, nagana, viliwamaliza ng'ombe, lakini tangu wafugaji walioondolewa Usangu mwaka 2006 walipofika Kilwa na Lindi, jozi za kukodi zimeanza kupatikana mahali ambapo zamani hazikuwapo. Mahusiano kati ya wakulima na wafugaji yana machungu yake, nami siyapuuzi. Bado naona mapatano ya kazi ya maksai kwa mabua ya malisho ni mojawapo ya mambo machache ambayo pande zote mbili zinaweza kufaidi.

Pawatila, yaani trekta dogo la kusukumwa kwa mikono, ni zana nzuri kwa kazi yake, na kazi yake ni majaruba. Kwa injini ya nguvu farasi 12 hadi 16 haiwezi kuvuta chuma cha kupasulia kwenye mfinyanzi mkavu, na vijembe vyake vinavyozunguka hufika sentimita 10 hadi 15 tu, huku vikipiga sakafu ya chini kila vinapopita na kuusaga udongo wa juu uwe unga. Unga wa mfinyanzi ukipigwa na mvua ya kwanza huganda gamba, na mbegu ya ufuta, ambayo ni ndogo na haina nguvu ya kuinua chochote, hufia chini ya gamba hilo.

Plau la diski limeenea kwetu kwa sababu ya msingi: linapita juu ya visiki na mawe bila kuvunjika, na mashamba mengi ya kusini yamefunguliwa kutoka msitu wa miombo. Siwalaumu wenye matrekta kwa kulipenda. Lakini plau hilo hulima kina kile kile kila mwaka, gurudumu moja la trekta likitembea ndani ya mfereji uliofunguliwa na kukanyaga udongo wa chini moja kwa moja, na baada ya misimu kadhaa kunatokea sakafu ya pili chini ya ile ya jembe, yenye unene zaidi, kwa kawaida kati ya sentimita 20 na 35. Haro ya kuvunja mabonge inayofuata huongeza uzito juu yake. Mkulima akiona mavuno yanapungua huagiza alimiwe mara mbili, na sakafu inazidi kukaza.

Ugumu wa kina hicho unahitaji sabsoila, yaani chuma kimoja au zaidi cha kusimama wima, chenye mguu mwembamba na kiatu chenye ncha, kinachopita chini ya tabaka na kuliinua mpaka livunjike pasipo kuuleta udongo wa chini juu. Hapa namsihi msomaji atulie, kwa sababu sabsoila iliyochaguliwa vibaya au kutumiwa vibaya humeza dizeli nyingi na kuacha shamba lilivyokuwa.

La kwanza ni kina. Kiatu kipite sentimita tano hivi chini ya mwisho wa tabaka gumu, basi. Kushuka zaidi hakuna faida, na kunaweza kudhuru, kwa kuwa kila kiatu kina ukomo wake: kikizidi kina cha mara tano hadi saba ya upana wake, udongo hauinuki tena, bali unasukumwa kando na kushindiliwa zaidi. Kiatu cha sentimita saba kwa hiyo kinafanya kazi ya uhakika mpaka sentimita 35, na kikipelekwa 50 kinachimba handaki. Ndiyo maana napenda viatu vyenye mabawa, vile vya chuma bapa vilivyochomelewa pande zote mbili vikiinamia mbele kidogo. Vinahitaji nguvu zaidi kuvuta, lakini huinua udongo mwingi zaidi kwa nguvu hiyo, na ukomo wa kina unasogea chini zaidi.

La pili ni nafasi kati ya mpito na mpito. Bila mabawa, nafasi iwe sawa na kina au moja na nusu ya kina. Kwa mabawa inaweza kufika mara mbili. Kwa sentimita 40 bila mabawa, tuseme mipito iachane sentimita 60. Mwenye kupanga bei na afanye hesabu: ekari ina takriban mita za mraba 4,047, na kwa nafasi hiyo chuma kimoja kitavutwa karibu kilomita saba ndani ya ekari moja. Kwa mwendo wa kilomita nne kwa saa hiyo ni karibu saa mbili, ukiacha kugeuza. Dereva akimaliza ekari kwa dakika 40 kwa chuma kimoja, ujue ameruka nafasi, na katikati ya mipito umebaki ukuta mzima ambao haukuguswa.

La tatu ni nguvu ya trekta. Kwa mfinyanzi mzito na kina cha sentimita 40, kila chuma hudai nguvu farasi 30 hadi 50. Trekta kama Massey Ferguson 385, lenye nguvu farasi 85, livute chuma kimoja kwa raha au viwili kwa shida. Anayekuja na vyuma vitatu nyuma ya trekta la ukubwa huo atalazimika kuinua zana njiani, na utalipia sentimita 40 ukapata 20. Angalia magurudumu ya nyuma yanavyoteleza. Yakizunguka pasipo kusogea, yanasaga na kukandamiza udongo wa juu, jambo ambalo tumemwita aliondoe. Na uulize kuhusu boliti ya kukatika inayoulinda mguu wa sabsoila: kwenye shamba lenye visiki vilivyofukiwa ni lazima iwepo, iwe ya ugumu uleule uliokusudiwa na mtengenezaji, kwani fundi akiweka boliti ngumu zaidi ili isikatikekatike, kitakachokatika ni mguu au mikono ya trekta.

Lakini jambo linaloamua kuliko hayo yote ni unyevu wa udongo siku ya kazi. Chukua udongo kutoka kina ambacho kiatu kitapita, si wa juu, uuviringishe kati ya viganja upate uzi mwembamba wa milimita tatu hivi. Ukiviringika ukawa uzi usiokatika, udongo umelowa mno: sabsoila itapita ikikata bila kuvunja, na itaacha kuta zinazong'aa mithili ya chungu kilichosuguliwa kwa jiwe, ambazo mzizi hauzipenyi. Ukimeguka kabla ya kufika unene huo, udongo uko tayari kupasuka. Ukiwa mkavu kiasi cha kutokukandika kabisa, utapasuka kwa mabonge makubwa kama utakubali, nayo dizeli itaungua maradufu. Kwa mvua zetu za msimu mmoja, zinazoanza Novemba au Desemba na kukatika kati ya Aprili na Mei, kipindi kizuri bondeni huwa ni Juni hadi Julai, ufuta ukishaondoka na kabla upepo wa kusi haujakausha chini. Wengi husubiri Novemba kwa sababu ndipo matrekta yanapozunguka, na wakati huo juu kumelowa na chini ni jiwe.

Historia ya mkoa wetu inao ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga hapa Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ikaleta mabuldoza yaliyobaki vitani na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Kongwa, udongo wenye mchanga mkali na mfinyanzi ulisaga majembe, na mvua zilipokatika ukakauka kiasi cha kuzinasa karanga zisivunike. Mpango ulifutwa mwaka 1951 kwa hasara ya paundi milioni 36, na reli iliyojengwa kutoka pwani hadi Nachingwea kwa ajili yake ilifungwa mwaka 1962. Ninapoona kikundi cha wakulima kikikopa kununua trekta kubwa kabla hata ya kuchimba shimo moja shambani, nawaza mashine zile, na nasema wazi kwamba nguvu farasi hazifidii ujuzi wa udongo.

Wapo pia ambao hawapaswi kupasua kabisa. Anayelima mpunga kwenye majaruba, kama wenzetu wa skimu ya umwagiliaji ya Kitere, Mtwara, anaihitaji sakafu ile ngumu, kwa kuwa ndiyo inayozuia maji yasizame. Sabsoila ikipita kwenye jaruba, maji yatapotea na itachukua misimu kuirudisha hali yake. Vivyo hivyo shamba ambalo maji yake yanatoka chini kwa sababu ya kuwa jirani na mto: kupasua hakutayaondoa. Na kwenye miteremko ya kingo za uwanda, mipito iende kukingama mteremko, kamwe isishuke nao, la sivyo mvua ya kwanza itageuza kila mfereji kuwa mwanzo wa korongo.

Mkikubaliana na mwenye trekta, ombeni apite mistari miwili tu kwanza, kisha mchimbe kwa kukingama mistari hiyo na kuangalia. Tabaka liwe limevunjika kutoka mstari mmoja hadi mwingine, na chini ya kiatu kusiwe na kuta zinazong'aa. Kaka mmoja dereva aliniambia, "Mzee, hakuna mteja aliyewahi kunisimamisha nichimbiwe kazi yangu." Alisimama, tukachimba, tukaona kilima kigumu kimebaki katikati, akapunguza nafasi bila ubishi, na kazi yake ikawa safi tangu hapo. Wengi wao wanataka kufanya vizuri, ila hakuna aliyewaonyesha kilichomo chini.

Baada ya kupasua, ardhi ni laini na dhaifu kuliko ilivyowahi kuwa, na mpito mmoja wa gurudumu zito hurudisha sehemu kubwa ya mgandamizo. Msipige haro mara tatu. Mvua za kwanza zikishuka, panda kitu chenye mzizi wa kushuka, na kwetu hakuna kinachoishinda mbaazi, iwe peke yake au ndani ya mahindi: inakaa ardhini hadi Agosti au Septemba, mizizi yake inafuata nyufa zilizofunguliwa na kuzishikilia zisifunge, na majani yanayopukutika hulisha udongo wa juu. India ilipouwekea kikomo uagizaji wa mbaazi mwaka 2017 na bei kuanguka, wengi waliitelekeza, na nawaelewa; kwenye shamba lililopasuliwa ningeipanda hata kama bei ni ndogo, kwa ajili ya mizizi yake. Wakati wa mavuno, lori linalokuja kubeba ufuta kwenda ghalani lisimame barabarani, na magunia yabebwe kwa toroli au kwa kichwa hadi lilipo. Mwenye lori atalalamika. Tengeni njia moja ya kudumu pembeni mwa shamba, iwekewe alama za miti, ipitiwe na kila gurudumu kila mwaka, na iachwe iwe ngumu kadiri itakavyo.